Nyimbo za filamu za Studio Ghibli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuziimba na kuzipiga

Majibu haya ni ya anayetaka kuimba, kupiga au kufundisha nyimbo za filamu za katuni za Studio Ghibli, studio ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1985. Herufi kama C, F na Gm zinataja sauti halisi ya ala. Do, re, mi ni za kuhama, kama zinavyotumika kwenye kwaya zetu.

Nianze na wimbo upi?

Kama unaimba, anza na Sanpo, wimbo unaofungua My Neighbor Totoro ya mwaka 1988. Ni wimbo wa kutembea kwa miguu, mapigo manne, sentensi fupi, na pumzi unaipata kila baada ya maneno machache. Maneno yake yaliandikwa na Rieko Nakagawa, mwandishi wa vitabu vya watoto, na Japani unaimbwa sana kwenye shule za chekechea. Usiukimbize. Tembea chumbani kwa hatua zako za kawaida na uimbe kwa mwendo huohuo. Ukijikuta unahema, umeenda kasi.

Wa pili uwe Tonari no Totoro, wimbo unaofunga filamu hiyohiyo. Kiitikio chake kinaanza kwa kushuka so, mi, do, kwa hiyo sikio linakishika mara moja. Mtego wake ni mapigo: zipo noti zinazoingia nusu pigo kabla ya wakati, na anayeziimba sawasawa na pigo hupoteza uchangamfu wote wa wimbo. Piga makofi mapigo manne, tamka maneno juu yake bila melodi mpaka yakae, ndipo uongeze sauti.

Itsumo Nando Demo, wimbo unaofunga Spirited Away (2001), ndio watu wengi hutaka kuanza nao. Unavutia kweli, ila sentensi zake ni ndefu na ukikata pumzi katikati ya neno hakuna ala nyingi za kukuficha. Uweke wa tatu. Mononoke Hime na ala tupu ya Ano Natsu e ziache kwanza. Sababu ziko chini.

Nyimbo zote hizi ni za Joe Hisaishi?

Hapana, na kosa hili liko kwenye video nyingi mno. Hisaishi, aliyezaliwa mwaka 1950, ametunga muziki wa filamu za Hayao Miyazaki tangu Nausicaä ya mwaka 1984. Jina lake halisi ni Mamoru Fujisawa. Hilo la kisanii alilitoa kwenye jina la Quincy Jones. Lakini nyimbo za kuimbwa zina watunzi wengi.

Itsumo Nando Demo ni ya Youmi Kimura, anayeiimba huku akipiga kinubi kidogo cha mkononi, na maneno ni ya Wakako Kaku. Awali iliandaliwa kwa filamu nyingine ambayo haikutengenezwa. Kimura huyohuyo alitunga Sekai no Yakusoku ya Howl's Moving Castle (2004), maneno yakiwa ya mshairi Shuntaro Tanikawa na mwimbaji Chieko Baisho. Nyimbo mbili zinazosikika kwenye Kiki's Delivery Service (1989) ni za Yumi Matsutoya, nazo zilikuwepo tangu 1974 na 1975, alipokuwa bado anajiita Yumi Arai. Hikōkigumo inayofunga The Wind Rises (2013) ni yake pia, ya mwaka 1973. Teru no Uta ya mwaka 2006 ilitungwa na Hiroko Taniyama kwa maneno ya Goro Miyazaki na kuimbwa na Aoi Teshima. Wimbo wa Arrietty (2010) ni wa Cécile Corbel, mpiga kinubi kutoka Ufaransa.

Halafu iko Country Road ya Whisper of the Heart (1995). Melodi ni ileile ya John Denver ya mwaka 1971, na kwa msikilizaji wa Kenya, ambako nyimbo za kantri zina wapenzi wengi, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuingia: melodi tayari unayo, unabaki na maneno ya Kijapani tu. Angalia lakini, maneno hayo si tafsiri. Yanasema mambo yao.

Sijui Kijapani. Naweza kuimba nikaeleweka?

Unaweza, na una nafuu kubwa kuliko Mwingereza au Mmarekani. Irabu za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa kabisa na zetu. Silabi nyingi zinaishia na irabu, kama zetu. Sh, ch, j, y na w hazina shida. Anayesoma Kiswahili anaweza kusoma Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini na kueleweka siku hiyohiyo. Yanayobaki ni haya.

Mkazo. Sisi tunabana silabi ya pili kutoka mwisho bila kujua, na hili ndilo linalotutambulisha mara moja. Kijapani hakibani silabi. Kila silabi ina urefu sawa na nguvu sawa. Ukisoma "natsu" au "kokoro", gonga meza mara moja kwa kila silabi na uhakikishe hakuna mgongo uliopanda kwenye ile ya pili kutoka mwisho.

Irabu ndefu. O yenye mstari juu, ō, ni o mbili, kama ya "choo". Kwenye wimbo mara nyingi inapewa noti mbili. Ukiifupisha unabaki na noti isiyo na silabi, na ndipo waimbaji huanza kubuni maneno.

N inayosimama peke yake. "Sanpo" ina mapigo matatu, Sa-n-po, na mbele ya p hiyo n inageuka m. Unaijua tayari: ni ile m ya "mtu". Ikipewa noti yake, funga mdomo na uimbe ndani ya m, usivute a.

G katikati ya neno. Waimbaji wa Kijapani wa mtindo wa kizamani huitamka ng', ile ya "ng'ombe". Ukiweza kuifanya, wimbo unalainika sana. G ya mwanzo wa neno ibaki g ya kawaida.

Ts ni ile ya Tsavo. R inagusa kaakaa mara moja tu, haitetemi. Na Kijapani hakitofautishi r na l, kwa hiyo mwenye kuzichanganya hizo mbili hapa hana wa kumcheka. F ya "fu" haigusi meno: midomo inasogeleana na pumzi inatoka kama unazima mshumaa. Konsonanti mbili pamoja, kama kk au tt, zina kimya kifupi cha pigo moja kati yake. Ukikijaza kwa irabu neno limevunjika.

Jambo la mwisho linawachanganya hata waliosoma Kijapani kidogo. Kwenye mazungumzo i na u hufifia kati ya konsonanti fulani, "suki" inasikika kama "ski". Kwenye kuimba, silabi yenye noti yake inatamkwa kamili: su-ki.

Kwa nini maneno ya wimbo mmoja yameandikwa tofauti kila ninapoyatafuta?

Kwa sababu kuna njia zaidi ya moja ya kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini, na wengine wanafuata maandishi, wengine matamshi. Vijineno vitatu ndivyo vinavyoleta shida. Kinachoandikwa "wo" kinatamkwa o kwenye mazungumzo, ingawa baadhi ya waimbaji huacha w kidogo isikike. Kinachoandikwa "ha", kikiwa kinaonyesha mada ya sentensi, kinatamkwa wa. Kinachoandikwa "he", kikionyesha uelekeo, kinatamkwa e. Ndiyo maana utakuta "Ano Natsu e" na "Ano Natsu he". Ni kitu kimoja, na matamshi ni e. Chukua maneno kutoka sehemu mbili, yaweke sambamba, cheza rekodi, na pale yanapogongana amini sikio.

Naweza kuziimba kwa Kiswahili?

Nyumbani na darasani watu hufanya hivyo, na Kiswahili kinakaa vizuri kwenye melodi hizi kwa sababu zimejengwa kwa mtindo wa silabi moja noti moja. Tatizo si idadi ya silabi. Ni mkazo. Pigo la kwanza la baa, yaani la kila kikundi cha mapigo, ni zito, na mkazo wetu lazima uangukie pigo zito. Chukua noti nne zenye uzito kwenye ya kwanza na ya tatu: "twende twende" inakaa. "Tembea" ikianzia pigo la kwanza haikai, inasikika TEM-be-a, na hakuna anayesema hivyo. "Tembea" inataka noti moja nyepesi ya kuingilia ili "be" ikae kwenye uzito.

Andika namba za mapigo juu ya mstari, pigia mstari silabi zenye mkazo kwenye maneno yako, kisha linganisha. Sentensi isipokubali, badilisha neno, usipinde melodi. Na jua kuwa tafsiri ya kuchapisha au kurekodi inahitaji ruhusa ya wenye haki. Hilo tumelieleza mbele.

Wimbo uko juu sana kwangu. Nishushe kiasi gani?

Tafuta kwanza noti ya juu kabisa ya wimbo na noti ya juu unayoifikia bila kukunja uso. Tofauti yake ndiyo kiasi cha kushusha. Kwa kundi la watu wasio waimbaji, wanaume kwa wanawake, noti ya juu isizidi D iliyo oktava moja juu ya ile inayopakana na C ya kati. Watoto wadogo wanapendeza kati ya C ya kati na D hiyohiyo. Ukiwashusha chini ya hapo wataanza kunong'ona, ukiwapandisha watapiga kelele.

Usikosee upande wa pili. Wengi hushusha mpaka kiitikio kiwe raha, kisha ubeti unazama wasiusikie. Ukikwama kati ya hayo mawili, gawa: mwenye sauti nzito aimbe ubeti, mwingine achukue kiitikio.

Mononoke Hime (1997) ni kisa cha peke yake. Aliyeiimba, Yoshikazu Mera, ni mwanamume mwenye sauti ya juu iliyofundishwa kwa miaka. Mwanamume wa kawaida akijaribu oktava ileile anaishia kufinya koo. Imba oktava moja chini, au mpe mwanamke. Kuiga sauti ya Mera ni mchezo wa kuumiza koo.

Noti nilizonunua hazilingani na rekodi. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Hisaishi ana desturi ya kutoa albamu ya melodi za awali kabla ya filamu kukamilika. Ya Nausicaä ilitoka mwishoni mwa 1983, miezi michache kabla ya filamu. Baadaye inakuja albamu ya muziki wa filamu wenyewe, mara nyingine ya okestra, na matoleo ya piano peke yake. Melodi moja inaweza kuwa na ufunguo tofauti na mwendo tofauti kwenye kila mojawapo. Kabla ya kununua noti, angalia zinataja toleo gani, na utafute rekodi ya toleo hilohilo. Noti zilizoandikwa kwa "wanaoanza" huhamishiwa C au Am ili kukwepa funguo nyeusi, kwa hiyo haziwezi kulingana na rekodi bila kubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye kinanda.

Do-re-mi kwenye vitabu vya Kijapani hazieleweki. Mbona wimbo uko F lakini wameanza na "fa"?

Vitabu vya Kijapani vya wanaoanza huandika do-re-mi juu ya noti, lakini ni do isiyohama: do ni C siku zote, fa ni F siku zote. Kwaya zetu zimekua kwenye do inayohama, ambapo do ni mwanzo wa ufunguo wowote ule. Itsumo Nando Demo katika F utaikuta imeandikwa fa, so, la, fa, do. Kwa sikio la kwaya hiyo ni do, re, mi, do, so. Ukiwapa waimbaji wako kitabu cha Kijapani bila kubadilisha, wataimba melodi sahihi kimakosa au kosa kwa usahihi. Nakili upya kwa penseli, saa moja inatosha kwa wimbo mmoja.

Nawezaje kupiga Itsumo Nando Demo kwa gitaa?

Huu ndio wimbo bora wa gitaa kwenye orodha yote, kwa sababu ulizaliwa kwenye nyuzi. Mapigo yake ni matatu. Noti nyingi zinazouzwa ziko F, kwa hiyo funga kapo (kibano cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya 5 na upige maumbo ya C, zitasikika F.

Mwendo wa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) unaofaa mwanzo wa ubeti ni C, G, Am, Em, F, C, Dm, G. Ukizipiga hivyo tu utasikia wimbo, ila utasikia pia kuwa kuna kitu kimepungua. Kinachokosekana ni besi inayoshuka hatua kwa hatua. Kwa hiyo kidole gumba kifuate njia hii, ukihesabu freti kutoka kwenye kapo: uzi wa 5 freti ya 3, uzi wa 5 freti ya 2, uzi wa 5 wazi, uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 6 freti ya 1, uzi wa 6 wazi, uzi wa 4 wazi, kisha uzi wa 6 freti ya 3. Kwenye ile ya saba besi inaruka juu badala ya kuendelea kushuka, maana gitaa limeishiwa sauti chini. Haidhuru, sikio linasamehe.

Mkono wa kulia upige noti sita ndani ya baa: gumba kwenye besi, kisha uzi wa 3, wa 2, wa 1, wa 2, wa 3. Fanya mazoezi ya mkono huo kwa kodi moja tu mpaka ujiendeshe wenyewe ukiwa unazungumza na mtu, ndipo ubadilishe kodi.

Yanayoharibika: F kamili ya kubana nyuzi zote inachelewa na pigo la kwanza linapotea. Tumia F ndogo ya nyuzi nne nyembamba, na besi ya uzi wa 6 ishikwe kwa gumba la kushoto likizunguka shingo, au iache kabisa. Lingine ni kukwangua nyuzi zote kwa nguvu. Wimbo huu ukikwanguliwa unageuka wa kambini. Na kapo ikifungwa mbali na chuma cha freti, uzi wa 1 unakoroma. Isogeze karibu na freti ya 5, nyuma yake kidogo tu.

Na Merry-go-round ya Howl kwa kinanda?

Jina lake kamili ni Jinsei no Merry-go-round, ni waltz ya mapigo matatu, na toleo linalojulikana liko Gm. Mkono wa kulia unaanza kwa kupanda D, G, B bemoli, D. Tumia vidole 1, 2, 3, 5. Wengi hushika D ya kwanza kwa kidole cha 2 kisha vidole vinaisha kabla ya kufika juu.

Kazi yote iko mkono wa kushoto: besi kwenye pigo la 1, kodi nyepesi kwenye 2 na 3. Pigo la 1 lina uzito, la 2 na la 3 ni hewa. Anayeanza hupiga matatu sawa, na badala ya watu wanaozunguka wakicheza unasikia askari wanaopita. Piga mkono wa kushoto peke yake, besi tu, ukiruka 2 na 3 kwa kugusa funguo bila kuzishusha. Mkono ukizoea umbali, shusha hizo mbili taratibu.

Pedali: kanyaga baada tu ya besi kupigwa, achia unapofika besi ya baa inayofuata. Ukishikilia baa mbili zenye kodi tofauti, sauti inachafuka, na kwenye Gm uchafu huo unasikika zaidi kwa sababu ya F kali (F iliyopandishwa nusu hatua) inayogongana na G. Kinanda kisicho na pedali kipigwe kwa kuunganisha vidole vya kulia vizuri. Kushoto kuwe kwa mkato. Inapendeza pia.

Anza metronomu kwenye 80 kwa pigo. Usipandishe mpaka upige kipande chote mara tatu bila kusimama. Sehemu ya kwanza, ambayo ni ya taratibu na yenye kuvuta, ipigwe bila metronomu kabisa baada ya kuijua.

Mikono yangu ni midogo. Ano Natsu e inawezekana?

Inawezekana ukikubali kuvunja kodi. Hiki ndicho kipande cha piano kinachofungua Spirited Away, na noti za mkono wa kushoto zimetandazwa zaidi ya oktava. Piga noti ya chini kwanza, kamata kwa pedali, kisha sogeza mkono kwenye zilizobaki. Ama toa noti ya katikati; ya chini na ya juu zibaki. Usitoe ya juu, mara nyingi ndiyo inayoipa kodi ule utamu wake wa kutokamilika.

Mwenye kutaka kukiimba atafute Inochi no Namae: ni melodi hiyohiyo ikiwa na maneno ya Wakako Kaku, imeimbwa na Ayaka Hirahara.

Nina kalimba ya funguo 17. Ipi inafaa?

Kalimba ya dukani ni mjukuu wa ala zetu za vyuma vya kugonga kwa gumba, jamaa ya ilimba ya Wagogo. Hugh Tracey ndiye aliyeanza kuitengeneza kwa kuuza huko Afrika Kusini miaka ya 1950. Ya funguo 17 huwa imepangwa katika C, kuanzia C ya kati hadi E ya oktava ya tatu, bila noti za nusu. Hilo ndilo linaloamua.

Itsumo Nando Demo hamishia C. Usianzie C ya chini kabisa: melodi inashuka chini ya do baada tu ya mwanzo, na hapo kalimba haina kitu. Anzia C ya oktava ya pili, ile yenye nukta moja juu ya namba 1. Ule ufunguo wa kati, C ya chini, ubaki wa besi.

Merry-go-round hamishia Am. Itadai G kali, ambayo huna. Chukua nyundo ndogo iliyokuja na ala, gonga ncha ya chuma cha G ya oktava ya pili kuelekea daraja. Chuma kikifupika sauti inapanda. Gonga kidogo kidogo ukitazama programu ya kutuni kwenye simu. G ya chini iache ilivyo. Ukimaliza rudisha, la sivyo wimbo unaofuata utakushangaza. Chuma kikikoroma baada ya kugongwa, kimepinda pembeni. Kinyooshe, na pitisha kipande cha karatasi kati yake na daraja kutoa vumbi.

Kwaya yetu inataka wimbo mmoja wa sauti nne. Upi?

Kimi wo Nosete ya Castle in the Sky (1986). Shule nyingi za Japani huuimba kwa kwaya, noti zake zimechapishwa kwa mipangilio ya sauti mbili, tatu na nne, na ukubwa wake unabeba watu wengi. Ubeti wa kwanza imbeni sauti moja, wote. Gawanyikeni baadaye. Mkianza na sauti nne tangu mwanzo hamna pa kwenda.

Desturi yetu ya kumwambia sauti ya pili "fuata tatu chini" inafaa Sanpo na Tonari no Totoro. Itsumo Nando Demo hapana: besi inashuka, na sauti ya pili ikiiga melodi itagongana nayo mara kwa mara. Mpe sauti ya pili noti ndefu.

Mwalimu akitaka kuona ukubwa unaowezekana, atafute tamasha la Hisaishi la Budokan, Tokyo, Agosti 2008: okestra, kwaya na bendi ya matarumbeta kwa pamoja, zaidi ya watu 1,000 jukwaani.

Ninafundisha watoto. Kuna wimbo wa mzazi na mtoto?

Gake no Ue no Ponyo. Filamu ni ya 2008, wimbo ulitangulia mwishoni mwa 2007, nao uliimbwa na mtoto, Nozomi Ohashi, pamoja na wanaume wawili watu wazima, Fujioka Fujimaki. Mtoto anaimba, mkubwa anajibu. Fundisha kiitikio kwanza na ishara za mikono, beti baadaye.

Nikirekodi na kuweka mtandaoni nitapata tatizo?

Muziki huu una wenyewe. Japani ulinzi wa hakimiliki ni uhai wa mtunzi na miaka 70, na watunzi wengi wa nyimbo hizi wako hai. Nyimbo nyingi za Japani husimamiwa na JASRAC, shirika la haki za watunzi la huko, na majukwaa makubwa ya video yana mifumo ya kutambua melodi. Ukiimba mwenyewe kwa ala zako, kinachotokea mara nyingi ni mapato ya matangazo kwenda kwa wenye haki, video ikabaki. Ukiweka rekodi ya asili nyuma ya sauti yako, au picha za filamu, uwezekano wa kufungiwa unapanda sana. Karaoke iliyotengenezwa na mtu mwingine ni rekodi yake. Kwa tamasha la kiingilio ulizia mapema kwenye taasisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya.

Nisikilize wapi matoleo ya asili?

Albamu za muziki wa Ghibli ziliingia kwenye huduma kubwa za kusikiliza mtandaoni mwaka 2020. Mwaka huohuo filamu 21 za studio zilianza kuingia Netflix katika nchi nyingi nje ya Japani, Marekani na Kanada. Andika jina la wimbo kwa Kijapani cha herufi za Kilatini pamoja na jina la mwimbaji. Ukiandika jina la filamu peke yake utaletewa rundo la matoleo ya kulalia.

Tunataka kimoja kipigwe harusini.

Merry-go-round wakati wa kuingia ukumbini, kama bibi na bwana harusi wako tayari kwa hatua za mapigo matatu. Mpigaji aanze kwenye sehemu ya waltz yenyewe, si ile ya taratibu ya mwanzo, maana msafara utasimama mlangoni. Wakati wa chakula, Itsumo Nando Demo kwa gitaa. Hikōkigumo msiipige, hata kama melodi inawaka: inazungumzia kijana aliyefariki, na mgeni mmoja anayejua Kijapani anatosha kuwatia aibu.